Maji Yalipogeuka Rangi

Yasmini alipotoka shule, kazi zake zilikuwa zinajulikana. Alivua sare akaitundika msumarini, akala chakula alichofunikiwa na mama, akafagia uwanja, kisha akachota maji bombani na kujaza ndoo zote. Mama yake, Bi Mwanakhamisi, aliuza chai na maandazi sokoni Uyole, Mbeya, karibu na pale malori yanapopanga foleni kupakia viazi. Baba yake, Bwana Mrisho, alikuwa dalali wa mazao katika soko hilohilo. Kwa hiyo kuanzia mchana mpaka jua kuzama nyumba ilikuwa mikononi mwa Yasmini, mtoto wa darasa la sita, naye aliitunza vizuri.

Lakini kazi zilipokwisha, miguu yake ilijua njia moja tu, nayo ni ya mtoni.

Mtoni ndiko karoti zilikosafishwa kabla ya kupakiwa. Waoshaji walikuwa wameuziba mto kidogo kwa viroba vya mchanga, wakapata mabwawa mawili. Bwawa la chini lilikuwa jirani na daraja, na la juu lilikuwa kwenye kona, mahali mto unapopinda ukitoka milimani. Karoti zilimwagwa majini zikiwa na udongo wake, kina mama wakakunja kanga zao, wakaingia na kuzikanyaga. Udongo ulitoka, na karoti zikang'aa. Watoto waliosaidia waliondoka na karoti zilizovunjika, wakazitafuna njia nzima.

Kule mtoni kulikuwa na kanuni moja ambayo kila mtu aliifuata. Wa juu hakumwaga karoti zenye udongo wakati wa chini anasuuza. Kwanza alipiga kelele, "Namwagaaa!" Kisha alingoja mpaka ajibiwe, "Mwagaaa!" Aliyemwaga bila kuita alichafua kazi ya wenzake, na siku hiyo alisikia maneno ambayo mama yake hajawahi kumwambia.

Mvua za masika zilipoanza, Bi Mwanakhamisi alimwita binti yake.

"Yasmini, masika haya sitaki kusikia umekanyaga mtoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Wakaishia hapo. Mama aliwahi sokoni, na Yasmini hakuuliza sababu.

Siku mambo haya yalipotokea, mvua haikunyesha Uyole hata tone. Jua lilikuwa linawaka. Milimani tu ndiko wingu jeusi lilikuwa limelala tangu asubuhi, lakini nani wa Mbeya anayeshangaa wingu mlimani? Yasmini alijiambia kwamba mama alikataza kwa sababu ya mvua, na mvua yenyewe haipo. Akashuka mtoni.

Alimkuta jirani yao, Lusia, ambaye wote walimwita Mama Peter. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwembamba, mwenye nguvu kuliko alivyoonekana. Mume wake, Yohane, alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi huko Mgololo na alikuja nyumbani mara chache. Wakati Lusia yuko mtoni, mtoto wao Peter, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alilelewa na bibi yake, mama yake Yohane.

Waoshaji wengine walikuwa wamekwishapanda barabarani na mizigo yao. Lusia alibaki peke yake kwenye bwawa la chini akisuuza fungu la mwisho.

"Mama amekuruhusu leo?" Lusia aliuliza.

"Ameniruhusu," Yasmini alijibu, macho yakiwa kwenye maji.

"Haya, ingia. Lakini ukanyage kama mtu aliyekula, siyo kama kuku anayeogopa umande!"

Yasmini akacheka, akaingia. Wakakanyaga pamoja, Lusia akimsimulia jinsi Peter alivyomwaga uji kichwani mwa paka. Maji yalikuwa baridi na safi, vidole vya miguu vilionekana mpaka chini.

Kisha vidole havikuonekana tena. Maji yalikuwa yamegeuka ya kahawia.

"Mama Peter, tazama!" Yasmini alisema. "Wa juu wanatuchafulia!"

"Bila hata kuita! Na huko juu yuko Aroni tu." Lusia akaweka viganja mdomoni. "We Aroniii! Huna adabu! Tunasuuza huku!"

Aroni alikuwa kijana wa kubeba karoti kwa mkokoteni, mtoto wa pekee wa mama mjane. Sauti yake ilitoka kwenye kona, ikifika kwa mbali.

"Siyo mimi, dada! Yananijia hivihivi! Tokeni majini!"

"Eti yanamjia hivihivi!" Lusia alicheka mpaka akashika kiuno. "Umesikia, Yasmini? Maji siku hizi yanajichafua yenyewe."

"Tokeni majini!" Aroni aliita tena.

"Nakuja kukuvuta sikio, subiri!" Lusia akaacha beseni na kandambili zake pale ukingoni. "Nishikie hapa, mwanangu, narudi sasa hivi." Akashika kijia cha kupanda kwenye kona.

Yasmini alibaki amesimama majini. Majani yalipita, kisha vijiti, kisha ndala ya mtu. Halafu akasikia mngurumo kama wa lori linaloshuka mlima likiwa na mzigo. Lakini barabara ilikuwa nyuma yake, na mngurumo ulitoka mbele. Hapo alitoka majini mbio, akapanda ukingo kwa mikono na magoti mpaka juu.

Kutoka pale juu aliona kila kitu. Mto ulikuja kama ukuta wa udongo, umebeba magogo. Kwenye kona Aroni alikuwa amemshika Lusia mkono, anamvuta. Maji yakawafikia. Ukuta ule ukagawanyika, nusu ukafuata njia yake kwenda darajani, nusu ukavunja ukingo na kumwagikia upande wa pili, kwenye mashamba ya viazi. Kanga ya kijani ya Lusia ilionekana mara moja ikienda upande wa viazi. Haikuonekana tena.

Yasmini alikimbia. Hakuita mtu. Alipita njia ya nyuma ya nyumba za watu, akaingia kwao, akavua nguo, akaosha miguu, akavaa gauni kavu. Alifunga vifungo vibaya.

Mama alikuja akipiga mbio kutoka sokoni, ushungi umeanguka mabegani.

"Yasmini! Yasmini! Ulikuwa wapi?"

"Kwa Jackline. Tulikuwa tunafanya hesabu."

"Alhamdulillah! Alhamdulillah, mwanangu!" Bi Mwanakhamisi akamkumbatia kwa nguvu, akalia kichwani mwake. Yasmini hakuwahi kukumbatiwa hivyo, wala hakuwahi kuumia hivyo.

Muda si mrefu kipaza sauti cha msikiti kilitangaza, na kengele ya kanisa la Walutheri ikapigwa mfululizo. Mto ulikuwa umebomoa nyumba zilizo karibu na daraja na kuchukua watu. Waislamu na Wakristo walishuka kwa pamoja, wengine na majembe, wengine na kamba, wengine na miti mirefu ya kuchomea tope. Watu wa Zimamoto nao walifika. Mwenyekiti wa mtaa aliwapanga watu kwa makundi. Beseni la Lusia lilikutwa chini ya daraja limekunjika, na kandambili yake moja ikakutwa mbele kidogo. Kila mtu akaelewa kwamba Lusia alichukuliwa akiwa kwenye bwawa la chini. Makundi yote yakashuka kufuata mto, na baba yake Yasmini alikuwa mmoja wao.

Aroni hakutajwa na yeyote. Mama yake aliamini kwamba amepeleka mzigo Iyunga, na akawa anamshukuru Mungu kwa hilo.

Kina mama walikusanyika kwa bibi yake Peter, Bibi Bertha. Alikuwa mzee wa Kibena aliyetoka Iringa kuja kumsaidia mkwewe kulea. Bi Mwanakhamisi alifika na chupa ya chai, akamleta na Yasmini. Peter alikuwa analia. Alikataa uji, alikataa maziwa, alikuwa anatazama mlangoni tu na kusema, "Mama. Mama."

"Nipe nimbebe," Yasmini alisema.

Wakamfunga mgongoni kwake kwa kanga. Yasmini akatembea naye uwanjani, huku na huku. Kilio kilipungua kikawa kwikwi, na mwisho shavu la mtoto likalala kati ya mabega yake, la moto na lenye machozi. Yasmini aliogopa hata kuvuta pumzi asije akamwamsha.

Ndani, Bibi Bertha alikuwa ameketi kwenye mkeka. Kila aliyeingia alimsalimu kwa Kibena, kisha akamuuliza swali lilelile.

"Kamwene, mama. Nani wa mwisho kumwona mwanangu?"

Waliinamisha vichwa. "Hakuna, bibi. Alikuwa peke yake darajani."

"Na mtu akichukuliwa pale," mmoja alimnong'oneza mwenzake, "mto humfikisha mbali."

Yasmini alisikia. Alijua kwamba Lusia hakuchukuliwa pale. Alijua wanaume wote wale walikuwa wanachoma tope mahali ambapo Lusia hawezi kuwepo. Kila alipofungua mdomo, alimwona mama yake akimimina chai, uso wake ukiwa bado na shukrani ya kumpata mtoto wake mzima. Nikisema, aliwaza, atajua kwamba nilimdanganya, na nikamwacha amshukuru Mungu kwa uongo wangu. Wazo jingine lilikuwa chini ya hilo, nalo lilikuwa baya zaidi. Ni mimi niliyesema wanatuchafulia. Ni mimi niliyemfanya apande.

Jua lilikuwa linagusa milima. Bibi Bertha akafumba macho, akainua viganja vyake vilivyokakamaa kwa jembe.

"Bwana," aliomba kwa sauti ya chini, "tuonyeshe alipo. Kama ni mzima, tuonyeshe. Kama amelala, tuonyeshe tumstiri. Usituache tunapapasa gizani."

"Amina," wakaitikia kina mama. Bi Mwanakhamisi naye akaitikia, "Amin."

Yasmini alisimama mlangoni, na mgongoni mtoto alikuwa anahema taratibu. Ndipo alipoona kwamba Mungu alikwisha kumwonyesha mtu. Alimwonyesha yeye.

"Bibi," alisema. Akapiga hatua moja ndani. "Bibi, mimi nilimwona."

Kina mama wakageuka. Mama yake akaweka chupa chini.

"Ulimwona wapi, mwanangu?" Bibi Bertha aliuliza. "Nitazame mimi, usitazame wengine. Wapi?"

"Kwenye kona. Kwanza nilikuwa naye bwawa la chini, tukisuuza karoti. Maji yakachafuka, nikamwambia wa juu wanatuchafulia. Akapanda kwa Aroni. Hawakwenda na maji ya darajani, bibi. Maji yaligawanyika, yakawapeleka upande wa viazi. Wote wawili."

"Aroni?" mwanamke mmoja alishtuka. "Aroni si yuko Iyunga?"

"Hayuko Iyunga," Yasmini alisema, na machozi yakaanza kushuka.

Alingoja kofi. Badala yake mama yake alimfungua Peter mgongoni polepole, akampa bibi yake, akamshika Yasmini mkono.

"Twende kwa baba yako," alisema. "Haraka."

Walimkuta Bwana Mrisho chini ya daraja, tope mpaka kifuani. Yasmini alisimama mbele ya wanaume wote wale, na hakujua mahali pa kuweka macho.

"Baba, nilidanganya. Nilikuwa mtoni. Mama Peter alikuwa kwenye kona, siyo hapa, na—"

"Yako tutayazungumza nyumbani." Baba aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Yasmini. "Unaweza kutuonyesha?"

"Naweza."

Wakapanda, mwenyekiti mbele na kurunzi. Walipofika kwenye kona Yasmini alinyoosha kidole mahali ukingo ulipovunjika. Mashamba ya viazi yalikuwa hayapo tena, lilibaki ziwa la tope, na katikati vichaka vya mabingobingo, yale majani marefu wanayolishia ng'ombe, vimelala.

Mwenyekiti akapiga filimbi. "Kila mtu anyamaze! Anayekohoa, aweke mkono mdomoni. Tusikilize."

Wanaume wakasimama kimya wakiwa ndani ya tope. Maji yalikuwa yanachuruzika. Chura mmoja alilia. Yasmini alimshika mama yake kiuno.

Kisha, kutoka kwenye mabingobingo, ikasikika sauti. Haikuwa neno. Ilikuwa kama mtu anayegugumia usingizini.

"Huyo!" Bwana Mrisho alipiga ukelele. "Huyo, jamani! Leteni kamba!"

Walimkuta Lusia ameviringisha mikono kwenye mashina ya mabingobingo, mguu umebanwa na gogo, midomo imepauka kwa baridi. Walikata gogo kwa shoka. Wanaume wakavua makoti, kina mama wakavua kanga za mabegani, wakamfunika. Alipolazwa kwenye machela alifungua macho.

"Aroni," alisema. "Alinisukumia hapa, nishike majani. Yeye hakupata pa kushika. Mtafuteni Aroni."

Walimtafuta mpaka giza likawashinda. Kulipokucha walirudi, safari hii wakiwa wengi zaidi, na wanafunzi wa madrasa na vijana wa kwaya wakishika kamba moja. Walimpata Aroni mwisho wa mashamba, chini ya mchanga, amekwishafariki. Bwana Mrisho ndiye aliyevua shati lake na kumfunika uso.

Asubuhi hiyohiyo Yohane alifika kutoka Mgololo, akiwa bado na ovaroli ya kazini, akaenda moja kwa moja hospitali kwa mkewe. Lusia alikuwa amevunjika mguu, lakini alikuwa anakunywa uji.

Nyumbani, Bi Mwanakhamisi hakumchapa Yasmini. Alimketisha karibu naye kitandani.

"Umenidanganya, na imeniuma," alisema. "Nilimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikuwa hivyo. Lakini na mimi nina kosa langu. Nilikukataza mtoni nikakimbilia maandazi yangu. Sikukaa nikakueleza kwamba mvua ya mlimani inaweza kumuua mtu aliye juani. Tangu leo, nikikukataza nitakueleza. Na wewe, ukitaka kuniasi, kwanza uniulize."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa vaa ushungi, twende msibani."

Msibani kwa Aroni watu walijaa mpaka barabarani. Mama yake alikuwa ameketi ukutani, macho makavu, hajalia tangu aletewe habari. Yasmini alipokuwa anapeleka maji ya kunawa, aliwasikia wanaume wawili nje.

"Yule Lusia alifuata nini kule juu?"

"Si ni kijana mwenyewe! Alichafua maji bila kuita. Angefuata kanuni, mwenzake asingepanda."

Yasmini aliweka jagi chini. Alimtafuta mama yake, akamnong'oneza. Bi Mwanakhamisi alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa. Yasmini akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya mama yake Aroni.

"Mama, mimi nilikuwepo. Aroni hakuchafua maji. Tulimgombeza, akasema siyo yeye. Akatwambia tutoke majini. Alisema mara mbili. Sisi tulimcheka."

Yule mama akainua uso. "Alisema mtoke?"

"Ndiyo, mama. Alipiga kelele kwa nguvu. Na maji yalipokuja alikuwa amemshika Mama Peter mkono, hakumwachia."

Ndipo yule mama akalia. Alilia kwa sauti, akamvuta Yasmini kifuani, akawa anamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Ndaga." Nje, wale wanaume wawili wakainamisha vichwa.

Baadaye Bibi Bertha alimkuta Yasmini nyuma ya nyumba, ameketi kwenye jiwe peke yake. Mzee akaketi naye, Peter akiwa mapajani.

"Bibi," Yasmini aliuliza, "kama ningesema mapema, Aroni angepona?"

Bibi Bertha akamshika mkono.

"Sijui, mwanangu. Nikikwambia angepona, nitakuwa nakudanganya. Nikikwambia asingepona, nitakuwa nakudanganya vilevile. Hilo liko kwa Mungu, nawe mwombe akusaidie kulibeba. Ninachokijua ni kwamba huyu mtoto ana mama leo, na yule mama mle ndani anajua mwanawe alikufaje. Hayo yametoka kinywani mwako."

"Niliogopa sana."

"Niliona. Ulikuwa unatetemeka mpaka Peter akatetemeka mgongoni. Sasa nisikilize. Maji yakigeuka rangi ghafla, mtu hatafuti wa kumlaumu, anatoka kwanza. Hilo tutawafundisha wote mtoni. Na ukweli nao uko hivyohivyo. Usingoje woga uishe ndipo useme. Siku nyingine utaogopa tena, maana wewe ni binadamu. Sema ukiwa unaogopa, lakini sema mapema."

"Nitasema mapema, bibi."

Ndani ya nyumba sauti ya mama yake Aroni ilisikika, imekauka kwa kilio. "Yuko wapi yule mtoto? Aje akae hapa, anisimulie tena."

Yasmini akamtazama Bibi Bertha.

"Nenda," bibi alisema, akimpangusa machozi kwa ncha ya kanga yake. "Anza mwanzo, na usiache kitu."